Kila Nyumba Itataka Yake

Mbamba Bay,
3 Agosti 1997

Shemeji Flaviani,

Kama umefungua maboksi kabla ya barua, najua umeshacheka. Usicheke. Hizo ni mashine za gemu. Unachomeka kwenye luninga, unatia kaseti, unashika hicho kishikio chenye vitufe, na kinachotembea kwenye kioo unakitembeza wewe mwenyewe. Nimezinunua kwa Frederick, yule mfanyabiashara wa ng'ambo anayeshuka na meli ya kutoka Nkhata Bay. Ziko kumi na mbili. Zamani tungezificha chini ya magunia ya mihogo huku tukiomba Mungu. Siku hizi biashara ni huria: nimelipa ushuru, nimepewa risiti, na aliyenipa risiti ameomba acheze kidogo.

Ile kahawa ya shamba la Babu mliyoniamini nayo ndiyo hii, imegeuka mashine. Tulivyopatana ni vile vile: mimi nanunua huku ziwani, wewe unauza huko Mbinga dukani kwako, nusu ya faida ni yangu na nusu ni ya ukoo wenu mzima. Sijasahau kwamba kahawa haikuwa ya mtu mmoja.

Moja usiiuze. Mpelekee Babu Raimundi na umfikishie shikamoo yangu. Dada yako Scholastica anasema itamfaa, maana ina mchezo wa vifaru, watu wawili wanalinda ngome moja bega kwa bega, na Babu vifaru vya kweli aliviona vitani Burma.

Kikapu cha dagaa wa usipa ni cha nyumba zote. Kikapu chenyewe nirudishie.

Shemeji yako,
Nathanieli


Mbinga,
1 Septemba 1997

Shemeji Nathanieli,

Zimekwisha. Nilicheka, ni kweli, lakini nilicheka mpaka Jumapili ya kwanza tu. Niliweka moja juu ya kaunta, nikaiunga kwenye luninga yangu ndogo ya betri, watu wakatoka misa wakanijazia duka. Wenye luninga za video, wale walionunua mwaka ule kahawa ilipopanda, hawakuuliza bei mara mbili. Katekista Ildefonsi alichukua ya kwanza, akaifunika kwa kanzu asionekane. Jumapili ya pili nimeuza mpaka ile niliyokuwa naonyeshea.

Babu sasa ni taabu. Kishikio anakishika chini juu na hataki kusahihishwa. Mgeni akifika hapewi chakula mpaka kwanza akalinde naye ngome. Paroko alikuja kumpa komunyo, akatoka saa moja baadaye anafuta jasho.

Lete nyingine. Ngapi, usiniulize. Mimi nauza betri na tambi za taa, si mtabiri. Nachokuomba tu ni kwenda polepole.

Kikapu hiki, na maharage yamo ndani.

Flaviani


Mbamba Bay,
14 Septemba 1997

Shemeji,

Polepole ni ya kinyonga. Nisikilize.

Redio ilipoingia Liuli nilikuwa mtoto. Alikuwa nayo mwalimu mmoja, sisi wengine tulijazana dirishani kwake. Haikupita miaka mingi kila nyumba ilikuwa na redio, mpaka ya Kilian ambaye hakuwa na mlango. Baiskeli ilikuwa hivyo hivyo. Bati hivyo hivyo. Anaanza mmoja, jirani anaona wivu, wivu unafanya kazi yake. Na gemu itakwenda hivyo. Kila nyumba itataka yake.

Nyumba za kwenu nimeziona kwa macho yangu. Nimepanda huko mara tatu, na kila mlima una milango mpaka unachoka kuitazama. Tumeuza kumi na moja kwa Jumapili mbili, tena kahawa haijaisha kuvunwa. Mtu mwenye akili akiona hivi anakaa kimya kweli?

Nimeuza boti, na injini yake. Zinakuja mashine sitini. Scholastica hajapendezwa. Anasema boti huleta mboga hata mwaka mbaya, na mashine mwaka mbaya haileti kitu. Nimemwambia asubiri Krismasi.

Nathanieli


Mbinga,
7 Desemba 1997

Shemeji Nathanieli,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na jambo zuri la kuandika. Halikuja.

Katika zile sitini nimeuza mbili. Ya mwisho ilitoka mwanzo wa Oktoba, wakati watu bado wana fedha ya kahawa mfukoni, kwa hiyo usiseme ni msimu. Nimepanda na boksi kichwani hadi Kingerikiti. Nimekwenda Litumbandyosi kwa lori la mahindi. Huko kote wanazipokea kama mgeni wanayemfahamu: wanazisifu, wananiambia mchezo upi ni mgumu na upi ni mwepesi, halafu wananiaga. Dukani hali ni hiyo hiyo. Wanachoulizia ni kaseti mpya na kuchajiwa betri. Mashine hawaiulizii.

Sielewi, shemeji. Ningekuwa naelewa ningekuambia.

Maharage kidogo, mvua imechelewa.

Flaviani


Mbamba Bay,
20 Januari 1998

Shemeji Flaviani,

Nimepata barua yako na nimeipata pia habari nyingine, ambayo haikutoka kwako.

Nesi Gaudiosa wa zahanati yetu alikwenda likizo kwao huko juu. Amerudi anasema Umatengo mzima, milima yenu yote, unacheza gemu. Si vijana tu. Akina mama, vibibi, mpiga kengele wa kanisa. Anasema ukikaa na watu watano, wanne wanabishana nani kavuka mto kwenye mchezo wa vifaru. Alipita milima mingi na kila mlima ni hivyo.

Sasa nisaidie, maana mimi sikusoma sana. Umeuza kumi na tatu. Wanaocheza hawana idadi. Samaki wawili hawalishi umati, labda kama Bwana Yesu amerudi na ameanzia Mbinga. Na kaseti wanaulizia za nini, kama mashine hawana? Na betri wanazichajisha za nini?

Gaudiosa amenieleza pia kwamba ndugu yako Tobias, mtoto wa baba yako mkubwa, ameezeka bati jipya nyumba nzima. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Usipa mwaka huu sina. Anayevua ana boti.

Nathanieli


Mbinga,
1 Machi 1998

Nathanieli,

Nilisoma barua yako, nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikairudia baada ya wiki nikidhani labda nilisoma vibaya. Nilisoma vizuri.

Bati la Tobias ni la kahawa yake mwenyewe. Alimuuzia mnunuzi binafsi aliyekuja na gari mpaka shambani. Siku hizi anayetaka kuuza peke yake anauza peke yake, si wewe uliyesifu huria?

Na mimi nina swali, maana hata mimi nina masikio. Kweli watu wanacheza. Nimewaona. Mashine hizo hazikutoka kwangu. Zimetoka wapi? Njia ya ziwani anaijua nani? Frederick ni rafiki wa nani? Nimeambiwa kuna boksi zinashushwa Mbaha, huko huko ziwani kwenu, na kupandishwa huku kwa migongo ya watu. Ukiwa na mtu mwingine wa kukuuzia, niambie, nitafurahi kupumzika. Lakini usiniletee sitini za kunizibia duka huku pembeni unauza mia, kisha unaniita mwizi kwa njia ya kuuliza.

Maboksi yako yamefika darini. Njoo uhesabu. Mbona huji?

Kikapu chako kipo, kitupu.

Flaviani


Mbamba Bay,
10 Mei 1998

Flaviani,

Nije nioneshwe maboksi? Boksi tupu nalo hufika darini.

Tusipotezeane stempu. Nimemwandikia Babu Raimundi. Nimemwandikia kwa siri, kama mtoto kwa mzee wake, barua nimeifunga kwa nta ya mshumaa. Nimemweleza yote ninayoyashuku, juu yako na juu ya Tobias. Yeye atakuita pembeni na kukuuliza taratibu, na wewe hutamdanganya. Hayo mengine yatabaki kati yetu watatu.

Dada yako anakuja huko kwa Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa Tobias. Hajui kitu. Usimwingize.

Nathanieli


Nyumbani kwa Babu,
mlimani juu ya Litembo,
16 Juni 1998

Baba Edina,

Mtoto amepokea Komunyo, nguo nyeupe ilimkaa vizuri. Hiyo ndiyo habari njema, na sina nyingine.

Barua yako kwa Babu ilifika siku moja baada ya mimi. Ungeniambia umeandika ningeipokonya njiani na kuila. Wewe ulidhani atasoma peke yake chumbani. Kwanza Babu hasomi. Pili, hata angesoma, mzee wa hapa hana barua ya peke yake. Barua yake inafunguliwa kwenye sengu.

Sasa nikueleze sengu, maana tumeoana miaka kumi na moja na leo ndiyo nimetambua kwamba sikuwahi kukueleza. Umefika kwetu mara tatu. Kila mara ulimshukuru Babu kwa karamu, ukarudi Mbamba Bay ukiwaambia watu, "Shemeji zangu wamenifanyia karamu, ukoo mzima ulikuja kula nami." Sikukusahihisha kwa sababu ulikuwa unafurahi. Mume wangu, haikuwa karamu. Ilikuwa Jumanne. Ndivyo tunavyokula. Kila mke anapika kwake, chakula kinakuja kwa Babu, na watu wa mlima huu wote wanakula pamoja, jana, leo na kesho. Hapo ndipo sengu. Kinachoingia mlimani kinawekwa hapo katikati: nyama, ugomvi, posa, mgeni. Na mashine yako nayo imewekwa hapo.

Nimekaa nikatazama. Kabla ya kula wanacheza kwa zamu, kuanzia Babu hadi vitoto, na mwenye zamu yake hanyimwi. Sasa wa kununua ya pili ni nani? Akaiweke wapi, akacheze na nani? Atakayekaa nayo ndani kwake peke yake tutauliza anaumwa nini. Nimetembea milima mitatu ya jirani na kote ni vile vile. Mashine moja, sengu moja. Ndiyo maana kumi na tatu zilitoka kwa mbio halafu kimya. Wewe ulihesabu milango. Ungehesabu mahali pa kulia.

Kaka yangu hakukudanganya. Hakuona, basi. Amezaliwa humu, nani anakaa akajiuliza jinsi anavyokula? Dukani kwake nimekwenda, nimeyafungua maboksi kwa mkono wangu mpaka vumbi likanikaba. Yamejaa yote. Na ya Mbaha ni maneno ya watu, hakuna aliyeona hata boksi moja.

Lakini nimeyajua haya nimechelewa kwa siku mbili. Barua alipewa ndugu yetu Elias aisome, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Alisoma huku watu wana matonge mkononi. Alipofika kwenye jina la Flaviani alisita, Babu akamwambia endelea. Alipofika kwenye bati la Tobias, Tobias aliinuka. Akasema, "Kahawa ilikuwa yetu wote. Kama ni kweli, kuna mtu amekula. Kama ni uongo, nani amempa mtu wa ziwani habari za bati langu?" Akamtazama Flaviani. Flaviani alinawa mikono na kuondoka. Nimewaeleza niliyoyaona dukani. Wamenisikiliza, lakini jambo likishasemwa pale halirudi kwenye bahasha.

Jana mke wa Tobias hakuleta chakula. Wala leo. Verediana, mke wa Flaviani, tuliyekuwa tukimngoja, naye amepika akala huko huko Mbinga na watoto wake. Nimekua hapa, na kabla ya jana sikuwahi kuona pale pana nafasi ya kukaa.

Mwandikie Flaviani. Babu usimwandikie tena kamwe. Na uje mwenyewe.

Scholastica


Mbamba Bay,
5 Julai 1998

Shemeji yangu Flaviani,

Nimekosa. Sitaki kulipamba neno hili wala kuliwekea methali.

Nilikushuku bure. Ulikuwa umekaa juu ya maboksi yangu kama kuku juu ya mayai viza, ukaniambia ukweli kila barua, na kila barua nikatafuta uongo ndani yake. Nilisema sitini, wewe ulisema polepole. Ningekuwa nimekuuliza swali moja tu la kawaida, jioni mnakula wapi, nisingeandika hayo mengine yote.

Niambie siku nije. Nitasimama mbele ya Tobias na Babu na kila mtu niseme kwamba mwongo ni mimi. Mashine zigawe, zitupe, zifanye viti. Si kitu.

Usipa huu nimenunua sokoni. Kikapu ni kipya kwa sababu cha kwanza kiko kwako.

Nathanieli


Mbamba Bay,
21 Februari 1999

Shemeji Flaviani,

Hii ni barua ya nne tangu Julai. Sijui kama unazisoma au unawashia moto.

Nilikuja Novemba. Duka lilikuwa limefungwa mchana kweupe, jirani akasema umekwenda Songea. Pazia lilitikisika, nikamwona Verediana, naye akaona kwamba nimemwona. Nikaacha kikapu mlangoni. Kupanda kwa Babu sikuthubutu. Nilisimama pale njia panda mpaka aibu ikanichosha, nikarudi na gari la jioni.

Frederick amepita wiki hii. Anasema mashine za kaseti zinakufa, sasa zinakuja za sahani, zile zinazong'aa kama kioo, na kwamba hizo ndizo kila nyumba itataka. Nilimwacha aseme mpaka amalize. Sikununua. Sijui watu watataka nini mwakani, na sitaki tena kujifanya najua.

Edina anawaulizia binamu zake. Nimwambie nini?

Nathanieli


Mbinga,
17 Septemba 2000

Shemeji Nathanieli,

Barua zako zote zimefika na zote nimezisoma. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sina la kukuambia ila matusi, na marehemu mama hakunifundisha kuyaandika. Novemba ile nilikuwa ndani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo.

Sasa nakuandikia mambo ya biashara. Mashine zinauzika.

Wa kwanza alikuwa Tobias. Alikuja dukani kama mteja, akanisalimia kama mteja, akalipa, akaomba kamba ya kufungia boksi. Watoto wake wameshazoea kucheza na kwa Babu hawaendi tena, ikabidi awe na yake. Ndugu yetu Wendelin yuko upande wa Tobias, akafuata. Elias, yule aliyesoma barua, hana upande. Alisema amechoka kila jioni kuchagua ale na nani na nani amnunie, heri ale kwake. Alinunua akiwa analia, mtu mzima yule.

Halafu wakaanza wa milima mingine. Kahawa imeanguka bei. Kila mtu ana mnunuzi wake wa siri, kila mtu anamshuku ndugu yake kwamba amepata bora zaidi. Wanagawana mashamba, wanagombania mipaka, kisha wanagawana sufuria. Wanakuja mmoja mmoja. Kabla mtu hajafungua mdomo najua kwao kumetokea nini. Nimekuwa mtabiri, shemeji. Nikisikia ndugu fulani wamepelekana kwa mwenyekiti wa kijiji, nashusha boksi moja kutoka darini naliweka mbele. Sijakosea hata mara moja. Verediana hapendi kuniona nikilishusha.

Ulisema kila nyumba itataka yake. Ulikuwa sahihi. Ulikosea mwaka tu.

Zimebaki tatu, na moja nimeichukua mimi, watoto walinililia. Kama Frederick bado anazo za kaseti, tuma. Kama hana, basi, tuishie hapo, nami sitahuzunika. Sehemu yako anayo Verediana, dada akipanda aichukue. Vikapu vyako narudisha vyote, maharage yamo.

Ya Babu usitume. Ile ya kwanza ipo na inafanya kazi. Jioni anaiwasha, anatia mchezo wa vifaru, kile kishikio cha pili anakilaza kwenye kigoda kando yake kama kawaida. Kifaru chake kinakwenda huku na huku. Cha pili kinasimama tu pale ngomeni mpaka kipigwe, naye anaanza upya. Nikienda kumwona ninacheza naye mara moja, mara mbili, halafu inanibidi nirudi kufungua duka.

Juzi ameniuliza, yule Mnyasa wa karamu anakuja lini. Nilimwambia nitakuandikia. Njoo, hata Jumanne. Nafasi ya kukaa ipo.

Shemeji yako,
Flaviani